Tengeneza kisafisha diski chako, bure kabisa

Ukinunua laptopu yusidi pale Kampala yenye diski ya GB 128, ujue haikawii kujaa. Kama unajua Python kidogo tengeneza kisafishaji chako, yaani programu ndogo ya kutafuta faili zilizojirudia na kuzifuta. Anza na os.walk ipite folda moja tu, tuseme Downloads, os.path.getsize ikupe saizi ya kila faili, halafu zipange kwa saizi maana faili zenye saizi tofauti haziwezi kuwa nakala ya kitu kimoja, kwa hiyo sha256 ya hashlib (inasoma faili na kutoa hashi, yaani kama alama ya kidole ya faili) uipigie zile zilizolingana saizi tu, la sivyo mashine kuukuu itasota mpaka umeme ukatike. Hashi zikifanana ni nakala, ile video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba Uganda) uliyoidaunlodi mara tatu itajitokeza hapo.

Kufuta ndo penye hatari. Ile os.remove inayofuta moja kwa moja achana nayo, weka send2trash (maktaba ya Python ya kuongeza), vitu viende kwenye debe la taka na mtu akijuta avirudishe, ila nafasi haiachiliwi mpaka debe limwagwe, so mwambie mtumiaji. Folda za mfumo usiguse kabisa.

Kodi ya programu iweke GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana kodi) pamoja na leseni, ile ya MIT inatosha, bila leseni watu kisheria hawana ruhusa ya kuitumia hata kama wanaiona.