Kulisha Mbuzi Mlo Kamili Wakati wa Kiangazi Mkoani Dodoma

Mbuzi anayerudi zizini jioni akiwa na tumbo lililojaa humdanganya mfugaji. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, nyasi za Bahi, Chamwino na Kongwa huwa zimekauka zikiwa zimesimama, na nyasi za namna hiyo mara nyingi hubakiwa na protini isiyofika asilimia 5, ilhali vijidudu vya tumbo la kwanza, ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya majani magumu, huhitaji asilimia 7 hivi ili vifanye kazi yake. Vijidudu hivyo vikidhoofika, majani hukaa tumboni muda mrefu, mbuzi hushiba bila kulishwa, na uzito aliouvuna masika huyeyuka. Kwa sababu hiyo, anayepanga chakula cha kiangazi aanze kuhesabu protini, kisha madini, na ndipo ahesabu marobota ya majani.

Kazi yenyewe huanza Aprili. Nyasi za kuhifadhi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kabla mbegu hazijakomaa, kwa kuwa baada ya hapo shina hugeuka kuni na ubora wote huhamia kwenye mbegu, ambazo hupukutika. Zianikwe siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, kisha zifungwe zingali na rangi ya kijani. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, likishindiliwa vizuri kwa miguu hutoa robota la kilo 20 hivi. Mbuzi mwenye kilo 30 hula takribani kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mbuzi kumi kwa siku 180 watahitaji kilo 1,800, na kama nusu wataipata machungani, mfugaji anatakiwa kuwa na kilo 900, yaani marobota 45. Wengi hufunga kumi na kudhani wamejiandaa.

Mabaki ya jamii ya kunde yana thamani kubwa kuliko nyasi, nayo ndiyo yanayopotezwa bure zaidi. Majani ya karanga, kunde, choroko na mbaazi yakusanywe mara tu baada ya mavuno na kukaushwa kivulini, kwa maana jua kali huyafanya majani yapukutike na kumwachia mfugaji vijiti. Mabua ya mtama na uwele ni ya kujaza tumbo tu. Yakatwekatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5, na yasitolewe peke yake. Maganda ya mgunga yanayoanguka kiangazi ni chakula kizuri kisichonunuliwa, lakini yapondwe kwanza, kwani mbegu zake ngumu hupita tumboni na kutoka zikiwa nzima. Aliyepanda lukina, mti wa malisho, uani anaweza kukata matawi kila siku, mradi yasizidi theluthi moja ya chakula cha mbuzi, kwa sababu majani hayo yana sumu inayoleta madhara yakiliwa kwa wingi, ikiwemo kunyonyoka manyoya.

Baada ya majani huja chakula cha ziada, na hapa wafugaji wa Kanda ya Kati wamebahatika, kwa kuwa alizeti hulimwa na kukamuliwa papa hapa, na pumba za mahindi hupatikana karibu na masoko ya nafaka kama lile la Kibaigwa. Pumba hutoa nguvu na mashudu ya alizeti hutoa protini. Mchanganyiko wa kilo 100 unaofaa ni kilo 65 za pumba za mahindi, kilo 30 za mashudu, kilo 2 za chokaa ya mifugo, kilo 2 za mchanganyiko wa madini kutoka duka la pembejeo za mifugo, na kilo 1 ya chumvi. Chokaa isiachwe kwa kubana matumizi. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume linalonenepeshwa kwa pumba tupu huweza kupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Kalsiamu inatakiwa iwe karibu mara mbili ya fosforasi, na maji safi yawepo muda wote.

Mbuzi anayekua mwenye kilo 30 apewe gramu 200 za mchanganyiko huo kwa siku, mwenye mimba katika wiki sita za mwisho gramu 300, na anayenyonyesha mapacha hadi gramu 400, zikigawanywa asubuhi na jioni. Kopo la kupimia lipimwe kwanza kwenye mizani, kwa sababu pumba ni nyepesi na kopo lililojaa hudanganya. Ambaye hajazoea aanze na kiganja kimoja, kisha aongezwe polepole kwa muda wa wiki mbili. Kumshtukiza kwa pumba au nafaka nyingi hugeuza tumbo lake kuwa na asidi kali, na anaweza kufa ndani ya siku mbili.

Mashudu yanunuliwe yakiwa mapya, kwa kuwa yale ya mashine ndogo hubakiwa na mafuta yanayochacha. Mahindi, pumba au karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haichagui kati ya mtu na mnyama, na baadhi yake hupita kwenye maziwa.

Mbuzi anayelamba kuta, kutafuna mifupa au kula nguo zilizoanikwa huwa ana upungufu wa madini. Jiwe la kulamba lining'inizwe zizini, mahali pasiponyeshewa.

Ratiba ya kupandisha nayo ni sehemu ya ulishaji. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150 hivi, kwa hiyo beberu akiingizwa kundini mwezi Julai, watoto huzaliwa Desemba, wakati majani yanaanza kuchipua na maziwa ya mama yanaongezeka. Majike yaongezewe mchanganyiko wiki tatu kabla ya kupandishwa. Yaliyokonda hayapati joto la kupandwa kwa wakati, na mara chache huzaa mapacha.

Kila baada ya wiki mbili mfugaji apapase uti wa mgongo wa kila mbuzi kiunoni. Ukichoma kiganja kama msumeno, mbuzi huyo atengwe na kulishwa peke yake, kwa sababu kwenye hori la pamoja wenye nguvu humfukuza.

Mvua za kwanza zikinyesha, mbuzi wazuiwe kuingia kwenye mashamba ya mtama yaliyovunwa. Machipukizi ya mtama kwenye visiki vya zamani huwa na sumu ya sayanidi, nayo huua kwa dakika chache. Waruhusiwe humo pale tu machipukizi yatakapokuwa yamevuka sentimita 60, na asubuhi hiyo wawe wamekula majani makavu kwanza.