Usimuulize mwenye Mini ni ya mwaka gani, angalia mlango

Mwezi wa nne mjomba wangu wa Pasua kanipigia simu yuko Usa River, kakuta Mini ya zamani, kile kigari kidogo cha Kiingereza, imelala bandani kwenye shamba la kahawa, kuku wanatagia siti ya nyuma, na mwenye nayo anaapa ni ya 1962, zile za kwanza kwanza, na bei kaipandisha kwa ajili ya hiyo 1962. Nikamwambia anko usitoe hata mia, nitumie picha ya mlango kwanza. Picha ikaja: kioo cha kuzungusha, bawaba hazionekani. Hiyo ni ya 1969 kuja juu, 1962 inatokea wapi?

Kwa hiyo na we ukikutana nayo anza hapohapo mlangoni. Bawaba zikiwa nje kama za kabati na kioo ni cha kusukuma mbele nyuma, unaangalia Mk1 au Mk2 (toleo la kwanza au la pili), yaani kati ya 1959 na 1969. Na kwa vile kioo hakishuki, ndani ya mlango kuna uwazi umefanywa mfuko mkubwa, chane ya ndizi inaingia. Zile za mwanzo kabisa ukiwa ndani unafungua mlango kwa kuvuta kamba. Sasa zunguka nyuma: Mk2 ya 1967 ina kioo cha nyuma kikubwa kuliko Mk1, na taa za nyuma kubwa zenye pembe, za Mk1 ni ndogo zimechongoka kama yai.

Jina kwenye nembo lisikuchanganye. BMC, kampuni ya Kiingereza iliyoitengeneza, walipoizindua tarehe 26 Agosti 1959 waliiuza kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor, gari ni ileile. Aliyeichora ni Alec Issigonis, na kisa chenyewe ni mafuta, ule mgogoro wa Suez wa 1956 uliwafanya Waingereza wapangiwe petroli kwa mgao, wakubwa wakataka gari ndogo isiyokunywa. Ndo akaikingamisha injini ya 848cc, gia boksi akaiweka chini yake, magurudumu ya inchi 10, gari nzima kama mita 3 na watu wanne wanakaa.

Pua ikiwa bapa ya mraba, hiyo ni Clubman, 1969 mpaka 1980. Ikiwa na buti imetokeza nyuma kama mkia ni Riley Elf au Wolseley Hornet, ukiipata nishtue. Isiyo na milango kabisa ni Moke.

Kwenye Cooper, ile Mini ya mbio, hapo ndo watu wanapigwa. Mtu anachora mistari miwili kwenye boneti, anabandika nembo, tayari ni Cooper. Fungua boneti mkuu. Cooper ya miaka ya 60, iliyoanza 1961, ina kabureta mbili na breki za diski mbele. Ukikuta kabureta moja na dramu mbele, we unauziwa rangi. Jina lina thamani kwa sababu Cooper S zilichukua rali ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, na 1966 walifika wa kwanza wakanyang'anywa eti kwa sababu ya taa.

Ila ishara moja isikutoshe, maana hizi gari zimeshabadilishwa viungo sana, pua ya hii bodi ya ile. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari.

Halafu kutu. Hii usiikimbilie. Piga jeki nyuma, ingia chini na bisibisi, chokonoa ile fremu inayobeba magurudumu ya nyuma, ikizama kama kwenye keki, kata bei au ondoka, kuitoa ni kazi ya siku kadhaa. Kingo za chini ya milango zipitishie sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kitambaa, pasiposhika ni puti, ile ya kuzibia matundu.

Mambo mawili mwambie fundi wako. Injini na gia boksi vinatumia oili moja, 20W-50, asihangaike kutafuta pa kumimina oili ya gia. Na nyingi za kabla ya 1969 waya chanya wa betri ndo umeungwa kwenye bodi, kwa hiyo akifunga redio kwa mazoea ataiunguza.

Mjomba aliichukua, kwa bei ya mwaka wake halisi. Fundi akakaa nayo wiki tatu, tukaitoa Usa River kwenda Moshi, kufika Kikatiti mvua ikashuka, gari ikaanza kukohoa, ikazima. Distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, iko mbele kabisa nyuma ya grili, maji ya barabarani yanaipiga moja kwa moja. Dawa yake ni glovu ya mpira ya kuoshea vyombo: kata ncha za vidole vyote, waya nne za plagi zipitishe kwenye vidole vinne, ule wa koili kwenye dole gumba, kiganja kivalishe kifuniko cha distributa afu funga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Glovu tuliinunua dukani palepale, tukapangusa maji, tukavalisha, stata ya pili ikawaka, na mvua ilitusindikiza mpaka Boma Ng'ombe haikuzima tena.