Jinsi ya kusafisha tangazo lako kabla ya kulirusha kwenye magrupu

Dada mmoja anayeuza viatu vya mtumba soko la Memorial, hapa Moshi, alikuja steshenari nimsaidie tangazo la WhatsApp. Picha zilikuwa safi. Maandishi yalikuwa hivi: "Xaxa wapendwa na uza viatu vlivyo baki bei poa sna, amna longolongo, njoo mahari pale pale." Tulilirekebisha kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, kisha zima masahihisho ya Kiingereza.

Hatua ya 2. Rudisha herufi ulizokata. Enzi za SMS ujumbe mmoja ulibeba herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya ujumbe wa pili. Watu walibana maneno kwa sababu ya msingi. WhatsApp haikudai hela kwa herufi, kwa hiyo "cjui", "2po" na "nko" hazina kazi kwa mteja. Na hiyo "x" ya "xaxa" siivumilii hata kwa mdogo wangu: umeondoa herufi moja ukaweka moja, umeokoa nini?

Hatua ya 3. Unganisha kilichotenganishwa. Hapa ndipo tulipokaa sana, maana simu haikusaidii. "Na uza" haipigiwi mstari mwekundu: "na" ni neno, "uza" ni neno. "Ili kuwa" nayo inapita, ingawa ulikusudia "ilikuwa". Lazima ukague kwa macho yako, neno baada ya neno.

Kila ukikuta "na" imesimama peke yake, ipeleke jana. "Na uza" ikienda jana inakuwa "niliuza". Basi ni sehemu ya kitenzi, andika "nauza". Vivyo hivyo "naomba" na "natuma mikoani". "Viatu na mikoba" haina jana, iache ilivyo. "Ni mepokea" ni "nimepokea", ila "bei ni nafuu" inabaki na nafasi yake.

Halafu kuna "vlivyo baki". Ukishairudisha ile "i", angalia kinachofuata. Kikiwa kitenzi, gandisha: vilivyobaki, nilivyonunua, alivyosema. Kikiwa kivumishi au mahali, acha nafasi: "viatu vilivyo vizuri", "mzigo ulio dukani". Kwa hiyo usianze kuunganisha kila unachokiona. Nimeona watu wakitoka kwenye kosa moja wakaingia la pili, wakaandika "vilivyovizuri". "Kwa sababu", "kwa hiyo" na "kwa ajili ya" naziandika kwa nafasi, na "kwa nini" pia, hata kama mtaa mzima unaandika "kwanini". Ukibishana na mtu, fungueni kamusi ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au ya TATAKI (taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), msipige kura kwenye grupu.

Hatua ya 4. Kagua h, kisha l na r. "Amna" ni hamna, "apa" ni hapa, "hasante" ni asante. Usiidharau h: kwenye daftari la mikopo, "ana deni" na "hana deni" zinatofautiana kwa herufi hiyo tu. Mahari hupelekwa ukweni; mteja anafika mahali.

Hatua ya 5. Saa na bei. Usiandike "4am" ukimaanisha saa nne asubuhi. Saa 4 asubuhi ni 10:00, na 4am ni saa 10 alfajiri. Mteja anayepanda basi kutoka Arusha anahitaji kusoma "saa 4 asubuhi", kwa maneno kamili. Bei nayo iandike: Sh 15,000. Achana na "elf 15", na hasa achana na "bei njoo inboksi". Mtu aliyependa kiatu anataka kujua kama hela yake inatosha, akishaona bei atakupigia mwenyewe.