Kumlea kijana fundi: anza na redio mbovu

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Redio ni za kupumzikia tu. Jumamosi mchana, wateja wakishachukua nguo zao, natandika kitambaa cheupe barazani ili skrubu ikidondoka ionekane, kisha nafungua redio. Vijana wa mtaani walianza kwa kusimama wakitazama. Sasa wako watano, wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, na kabla ya "Shikamoo mama" haijaisha bisibisi zimeshatoka mfukoni. Mzazi au jirani mwenye kijana wa aina hii, nakueleza ninavyofanya.

Usianze na kompyuta. Tafuta redio ndogo iliyokufa, ya betri mbili. Hiyo ni volti 3 tu, haimdhuru mtu. Chaja, televisheni na chochote cha kuchomeka ukutani asifungue. Umeme wetu ni volti 230, na ndani ya vifaa hivyo kuna kapasita, vipande vya kuhifadhi umeme, zinazoweza kubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Betri ya simu iliyovimba nayo isiguswe. Hapo sibembelezani na mtoto yeyote.

Mpe mita ya kupimia umeme kabla ya bisibisi. Betri mpya ya kawaida husoma volti 1.5 au juu kidogo, ikisoma 1.1, redio huenda haina ugonjwa wowote. Zikiwa nzima, akague zinapogusia: mara nyingi pameota unga mweupe, au waya wa spika umekatika kwenye kiungo. Unga ulioachwa na betri za alkali hutoka kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha pafutwe kwa spiriti na kuachwa pakauke.

Kazi ngumu ni kuizuia mikono yako wewe mkubwa. Mwaka jana mvulana wa kidato cha pili alikuwa akirudishia waya wa spika. Pasi ya kulehemu ilimtetemeka, risasi (ile inayoyeyushwa kuunganisha waya) ikaganda donge badala ya kutanda. Nikamwambia, "Lete, mwanangu," nikamaliza mara moja. Redio ikasema. Yeye akakusanya vitu vyake kimya, na Jumamosi mbili hakuonekana. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi, nikampelekea redio nyingine yenye ugonjwa uleule. Tangu siku hiyo mtoto akishika pasi, mimi nashika sindano na kutia vifungo. Nikiona anakwama namuuliza tu, "Umepasha waya, au umepasha risasi?" Maana risasi hushika vizuri ikiguswa kwenye waya uliokwisha pata moto, siyo ikidondoshwa kutoka kwenye ncha ya pasi. Mvulana yule alirudia mara nne. Hata mimi cherehani nimejifunza kwa kufumua.

Kila mmoja awe na daftari: tarehe, alichopima, alichobadilisha, kilichotokea. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hatajua kilichoponya.

Mambo ya programu yalikuja yenyewe, kupitia mchicha wangu wa nyuma ya nyumba. Binti mmoja wa kidato cha tatu alinisikia nikilalamika kwamba namwagilia kwa kubahatisha. Tukachanga tukanunua bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kujifunzia unayoiandikia programu. Alichomeka misumari miwili udongoni, mmoja akauunga kwenye volti 5, wa pili kwenye tundu la kupimia, A0, na kutoka A0 akaweka rezista (kipande cha kupunguza umeme) ya kiloomu 10 kwenda GND, yaani upande hasi. Bodi husoma kuanzia 0 hadi 1023. Udongo ukilowa, namba inapanda. Kikomo cha kusema udongo umekauka hakukitoa popote. Alipima udongo wetu ukiwa mkavu, akaumwagia, akapima tena, akachagua katikati.

Baada ya wiki mbili msumari mmoja ulikuwa umeliwa. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu sijui, tutazame wote. Daftari ndilo lililotusaidia: unaoliwa ni ule wa volti 5 tu, na umeme ulikuwa ukipita mchana na usiku. Akauhamishia tundu namba 7, akaandika programu iwashe wakati wa kupima tu, mara moja kwa saa, kisha izime. Usiogope kumwambia mtoto hujui, ila usimwache atafute peke yake.

Ongea na nyumbani kwao mapema. Mama wa binti huyu alihofia kazi za nyumbani zitalala, tukakubaliana saa nane hadi saa kumi, basi. Mitihani ya kidato cha pili ikikaribia, wanaohusika nawarudisha kwenye vitabu.

Msumari wa sasa una miezi mitatu udongoni. Juzi nikichuma mchicha wa chajio niliuchomoa kuuangalia: kutu kidogo, upande mmoja. Nilipomwambia binti, alikuwa ameshaandika.