Unataka kusomea eksirei? Soma hii kabla hujajaza fomu ya chuo

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu inajaa meseji, wengine wanafunzi wengine wazazi, kaka mtoto ana D ya fizikia na C ya bailojia anaweza kusoma eksirei, chuo gani kizuri, na hiyo mionzi haitamdhuru? Nimekuwa najibu mmoja mmoja mpaka usiku, sasa leo naandika yote sehemu moja. Nazungumzia Tanzania, ndiko nilikosomea na ndiko nafanyia kazi.

Kwanza jua unaomba kazi gani maana wengi wanachanganya. Daktari wa radiolojia ni daktari kamili, kasoma udaktari miaka 5, akafanya mafunzo kazini, akarudi tena darasani kusomea ubingwa, yeye ndiye anasoma picha na kuandika ripoti. Sisi watu wa mionzi ndio tunampokea mgonjwa, tunampanga vizuri mbele ya mashine, tunachagua umeme kiasi gani utumike, tunapiga na kuhakikisha picha inasomeka. Eksirei ndio mlango tu, mbele kuna CT skani, MRI, mamografia, ultrasaundi. Halafu kuna wenzetu wa tiba ya mionzi, wale wa kutibu saratani kama pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, hao wana digrii yao kabisa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, sio kozi moja na hii.

Kabla hujaomba popote nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa iliyo karibu na wewe ukae kwenye benchi la eksirei asubuhi nzima. Angalia wanaoingia. Utaona bodaboda kavunjika mguu analetwa na machela, mtoto analia hataki kushikwa, mzee kadhoofika na kikohozi hawezi kusimama peke yake, na wote hao anatakiwa mtu mmoja awageuze, awanyanyue, awatulize, na foleni nje ni ndefu. Ukiona moyo wako unataka kwenda kusaidia kushika ile machela basi wewe ni mtu wa kazi hii. Kama kinachokuvuta ni kukaa tu kwenye chumba chenye kiyoyozi na kompyuta, fikiria tena mapema, sio vibaya, kuna kozi nyingi.

Sasa vigezo. Stashahada ni miaka 3, unaanza NTA level 4 unamaliza level 6 (hizo ni ngazi za masomo ya vyuo vya ufundi), na kwenye mfumo wa kuomba kozi utaikuta kwa jina la Diagnostic Radiography. Unatakiwa uwe na pasi angalau 4 za kidato cha nne bila kuhesabu masomo ya dini, na ndani yake lazima iwepo fizikia, kemia na bailojia. Hisabati na Kiingereza vinakusogeza mbele wakati wa kuchujwa. Vigezo vidogo vidogo hubadilika, kwa hiyo usichukue maneno ya mtaani wala yangu peke yake, pakua mwongozo wa udahili wa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, wa mwaka unaoomba usome ukurasa wa kozi yako neno kwa neno. Waliosoma PCB (fizikia, kemia, bailojia) kidato cha sita wanaweza kwenda digrii moja kwa moja, huko mwongozo ni wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na chuo kikuu cha afya CUHAS pale Bugando Mwanza ni sehemu mojawapo ya kuangalia. Kwa ndugu zetu wa Kenya njia ni tofauti, wengi hupitia KMTC, chuo chao cha serikali cha mafunzo ya afya, stashahada ya miaka 3 pia.

Kwenye kuchagua chuo hapa naomba unisikilize sana. Chuo kusajiliwa ni jambo moja na kozi yenyewe kuwa na ithibati, yaani kibali cha kufundishwa, ni jambo lingine, kuna chuo kina usajili halali kabisa kwa ajili ya famasi au uuguzi ila kozi ya mionzi bado, kwa hiyo kwenye tovuti ya NACTVET tafuta jina la chuo NA jina la kozi, vyote viwili uvione kwa macho yako. Binti wa jirani yangu alipigiwa simu akaambiwa nafasi ipo atume laki moja na nusu haraka kabla haijachukuliwa, mama yake akauza mbuzi wawili wakatuma, nafasi haikuwepo na ile namba haikupatikana tena. Hela ya kuomba lipia kwa kontroli namba (ile namba maalumu ya malipo) tu, basi, mtu yeyote anayetaka utume kwenye namba yake ya simu mkatalie hata kama anajiita mwalimu.

Halafu usidanganywe na majengo. Wewe uliza hivi: wanafunzi wa mionzi wanafanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hospitali gani, ina mashine ngapi zinazofanya kazi, CT ipo, na chumba kimoja wanaingia wanafunzi wangapi kwa zamu? Kazi hii inaingia kwa mikono. Mwanafunzi aliyesoma kwenye chuo cha kawaida lakini akapanga wagonjwa 15 kwa siku atampita mbali yule wa chuo chenye maua na vioo aliyekuwa anachungulia kwa nyuma ya wenzake 20. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo hicho umuulize yeye, atakwambia ukweli.

Hela: ukiacha ada kuna bima, sare, hosteli na nauli za fildi, waulize wakupe mchanganuo wote kwa maandishi. Bodi ya mikopo, HESLB, walianza kukopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024 na afya na sayansi shirikishi ilikuwemo, kwa hiyo angalia mwongozo wao wa mwaka wako na vyeti vya kuzaliwa vihakiki mapema, wengi wanakwama hapo. Chanjo ya homa ya ini B nayo anza sasa hivi maana ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, ya tatu inafika mwezi wa sita.

Ile miezi ya kusubiri chuo usiipoteze. Rudia fizikia ya mawimbi, umeme na atomu, ndio inayowaumiza wengi mwaka wa kwanza. Kuna vitu viwili utaishi navyo kila siku, kV na mAs. kV ni nguvu ya mionzi kupenya, mAs ni wingi wake. Mkono mwembamba unaweza kutosheka na kV 50 au 55, lakini uti wa mgongo wa kiunoni ukipigwa kwa ubavu unaweza kufika 80 au 90 kwa sababu mionzi inapita kwenye nyama na mfupa mzito. Ukielewa hilo kabla hujaingia darasani umeshawaacha wenzako. Mifupa jifunzie mwilini mwako, shika kiwiko, shika nyonga, tafuta ule mfupa unaochomoza chini ya shingo kwa nyuma, utaje kwa jina lake la kitabuni, maana hivyo hivyo ndivyo utakavyompapasa mgonjwa kutafuta sehemu ya kulenga.

Tuje kwenye mionzi yenyewe, hofu ya kila mama. Mionzi ni ya kuheshimu. Ila mashine ya eksirei ni kama taa, ukiachia swichi imezima, hakuna mionzi inayobaki chumbani wala kwenye shuka. Picha moja ya kifua ya kawaida mgonjwa anapata chini ya milisiveti 0.1 (milisiveti ndio kipimo cha dozi ya mionzi), na mfanyakazi kiwango chake hakitakiwi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na wengi wetu tukifuata utaratibu hatusogei hata karibu na hapo. Utaratibu wenyewe sio siri: kaa nyuma ya ukuta wa kinga, punguza muda, ongeza umbali. Ukitoka mita 1 ukasogea mita 2 kutoka kwenye chanzo, dozi haipungui nusu, inabaki robo. Utapewa beji ya kupima mionzi, vaa kifuani kila siku, usiiache kwenye koti ndani ya chumba cha mashine, na majibu yake yasome. Tume ya Nguvu za Atomiki ndio inasimamia mambo hayo, kwa hiyo hospitali ikikuingiza kwenye mionzi bila beji una haki ya kuuliza. Na kwa madada, ukihisi una ujauzito sema siku hiyo hiyo, mtoto aliye tumboni kiwango chake ni milisiveti 1 tu na mkuu wa kitengo anatakiwa akupange sehemu nyingine, sio suala la aibu.

Fildi ndiyo itakayokufundisha kazi. Mimi picha yangu ya kwanza ya kifua peke yangu ilikuwa ya bibi mmoja mwenye kikohozi, kaletwa na binti yake. Nikamwamkia shikamoo bibi, akavua mkufu, nikamfunika kanga, nikamsimamisha kifua kikielekea ubao wa kupokelea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega nikayasukuma mbele ili yale mabapa ya mabega yatoke kwenye mapafu, bomba la mashine nyuma yake sentimita 180. Kila kitu nimepanga sawa. Nikaenda nyuma ya ukuta nikasema kwa sauti bibi vuta pumzi, bana, nikapiga. Picha ilipotoka mapafu yamebanwa na moyo umekaa mpana kama mgonjwa wa moyo, kumbe bibi alishaachia pumzi kabla sijabonyeza. Msimamizi wangu hakunifokea, aliniuliza tu, ulimfundisha? Sikumfundisha, nilimwamrisha. Nikarudi nikasimama mbele yake tukavuta pumzi pamoja mara tatu, mimi na yeye, hivi bibi, jaza, bana hapo hapo, haya pumua. Ya pili nikahesabu mbavu za mbele 6 juu ya kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, safi kabisa. Lakini bibi alipata dozi mara mbili kwa sababu ya haraka yangu na hilo sijalisahau, mpaka leo nafanya mazoezi ya pumzi na kila mgonjwa kabla ya kugusa swichi.

Ukimaliza chuo hujamaliza, unatakiwa usajiliwe na baraza letu la wataalamu wa radiolojia na picha za tiba, MRIPC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo ufanye kazi kihalali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza weka vyeti na matokeo yako yote kwenye faili moja, na piga nakala ukae nazo kwenye imeili.

Na siku ya kuripoti fildi nunua daftari dogo la kuingia mfuko wa koti. Kila picha utakayopiga andika sehemu ya mwili, mgonjwa mnene au mwembamba, kV, mAs, umbali, na picha ilitokaje. Jina la mgonjwa usiandike kabisa. Langu la mwaka wa pili bado ninalo, limechakaa na jalada limetoka, na juzi tumefungiwa mashine nyingine nikalifungua kuangalia goti la mtoto nilianzia wapi.