Namna ya Kupima Uwiano wa Uzito na Urefu Wako Nyumbani Bila Kujidanganya

Katika kliniki ya lishe ninakofanya kazi hapa Moshi, mtu akiulizwa urefu wake hutaja namba aliyowahi kuandikiwa kwenye fomu miaka mingi iliyopita, na mara nyingi namba hiyo humwongezea sentimita kadhaa. Katika kipimo cha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa uzito hugawanywa kwa urefu mara mbili. Ndiyo maana tunaanza na urefu.

Hatua ya 1: Pima urefu. Vua viatu na kofia, na kama nywele umezifunga utosini, zifungue. Simama kwenye sakafu ngumu, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Mwenzako alaze kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa chako, ubavu wake ukigusa ukuta, kisha atie alama ya penseli chini yake. Tumia futi ya chuma ya seremala, kwa sababu ile ya fundi cherehani ikitumika sana huvutika. Rudia mara ya pili. Majibu yakipishana kwa zaidi ya sentimita 1, anza upya.

Hatua ya 2: Pima uzito asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai. Mwezi Julai, baridi ya mlima inapobana, watu hupanda mizani wakiwa na sweta, koti na simu mfukoni, kisha hushangazwa na jibu. Mizani ikae sakafuni, si juu ya zulia, na isome sifuri kabla hujapanda. Ukiitilia shaka, ijaribu kwa mfuko wa sembe wa kilo 25 ambao haujafunguliwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuchukue mwanamke mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.62. Kwenye kikokotoo cha simu ataandika 72, agawanye kwa 1.62, na jibu aligawanye tena kwa 1.62. Atapata 27.4. Akitumia 162 badala ya 1.62 atapata namba isiyo na maana, na hilo hutokea kila wiki. Lakini akijipa urefu wa mita 1.70 atapata 24.9, ataambiwa yuko salama, naye atarudi nyumbani kwa furaha isiyo yake.

Hatua ya 4: Soma jibu. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na kuanzia 30 unene uliokithiri. Viwango hivi havimhusu mjamzito, wala mtoto au kijana, ambaye hupimwa kwa chati za umri wake.

Hatua ya 5: Pima kiuno, na hatua hii usiiruke. Kanuni ya BMI ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji aliyechunguza makundi ya watu, si wagonjwa mmoja mmoja. Haitofautishi misuli na mafuta: mpagazi wa Kilimanjaro mwenye misuli iliyojaa anaweza kupata 26 sawa na karani mwenye kitambi. Zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida, kisha soma. Hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huongezeka mwanamke akifikisha sentimita 80 na mwanamume 94.

Kwetu, kumwambia mtu "umenenepa" ni kumpongeza, hivyo wengi huona haya kupungua. Mwanamke wetu halazimiki kushuka hadi kilo 65 kwa mkupuo. Kupunguza asilimia 5, yaani kilo 3.6, kunatosha kuanza kusaidia shinikizo la damu na sukari. Mtori si adui yake. Mimi huuliza kwanza kuhusu vijiko vya sukari kwenye chai, chipsi za jioni na mbege ya mwisho wa wiki.

Andika tarehe, uzito na kiuno, kisha pima tena baada ya mwezi. Lakini uzito ukishuka bila wewe kukusudia, hasa pamoja na kikohozi, homa au kiu isiyoisha, usiusubiri mwezi huo. Nenda kituo cha afya, hata kama kikokotoo bado kinakuonyesha 23.