Risasi zinalia na wewe uko kwa ambulansi, sasa ufanye nini

Juzi kijana mmoja mgeni kwa kazi yetu kaniuliza, mkubwa, tukiitwa mahali mtu anamimina watu risasi, tunaingia ama tunangoja nje? Nikamwambia vyote viwili, na hapo ndio kazi ilipo.

Zamani sheria ilikuwa moja tu, kaa mbali mpaka polisi waseme kumeisha. Wamarekani walilipia hiyo sheria pale shule ya Columbine 1999, mwalimu mmoja alipigwa risasi akavuja damu karibu masaa matatu akingoja msaada, akafa humo humo darasani. Baadaye, 2013, madaktari wa upasuaji na polisi wakakaa Hartford, mji wa huko huko Marekani, wakapanga mambo upya: muuaji azuiwe kwanza, halafu damu izuiwe, watu watolewe haraka, wapimwe, wapelekwe hospitali. Ona damu imewekwa namba mbili, kabla ya kupima kabla ya kila kitu.

Kwa hiyo eneo ligawe kichwani mara tatu. Pale muuaji yuko ama anaweza kufika ni eneo moto, hapo wewe huingii hata kama unasikia watu wanalia, hapo ni kwa wenye bunduki. Pale askari wamepita wakasafisha lakini hakuna wa kuapa kwamba ni salama, hilo ni vuguvugu, na hapo unaingia ukiwa na askari mbele na askari nyuma, na wao wasikuache hata kidogo, wakikuacha toka. Baridi ni kule kwenye magari. Watu wetu wengi wanajua moto na baridi tu, hiyo ya katikati hawana, na ndio watu wanafia hapo.

Ukifika zima king'ora mapema, simamisha gari mahali hakuna dirisha la lile jengo linakuona, geuza pua iangalie njia ya kutoka, dereva abaki ndani na ufunguo wake. Hili la dereva nalisema kwa uchungu, siku moja kwenye ajali ya basi (haikuwa risasi) dereva wetu aliruka kusaidia, magari mengine mawili yakaja yakapaki nyuma yetu, na yeye na ufunguo hajulikani yuko wapi. Tulikaa na mgonjwa kwa machela tunapiga kelele kama watu wa soko. Halafu tafuta afande mkubwa hapo, jitambulishe, muulize anataka usimame wapi.

Na hapa Uganda kuna kitu hakiko kwa vitabu vya nje. Wewe unaongea Luganda ama Lukonzo siku nzima, sawa, lakini amri za jeshi na polisi mara nyingi zinakuja kwa Kiswahili. Simama! Mikono juu! Lala chini! Rudi nyuma! Ukisita sekunde mbili ukitafuta maana, umeshakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Vaa kizibao kinachong'aa, mikono ionekane, usikimbie kuelekea askari na kitu cheusi mkononi hata kama ni redio. Pale duka kubwa la Westgate Nairobi lilipovamiwa 2013 vikosi vya serikali vilipigana risasi vyenyewe kwa vyenyewe, sasa wewe usiye na bunduki watakujuaje?

Ndani ya vuguvugu kazi ni ndogo sana na ni ya haraka. Kwanza paza sauti, anayeweza kutembea atembee kufuata askari. Aliyebaki chini ndiye wako. Damu inaruka kwenye mkono ama mguu, weka mkanda wa kuzuia damu upana wa vidole vitatu vinne juu ya kidonda, usiweke kwenye kiungo, kaza mpaka damu isimame, atalia sana na wewe usilegeze, andika saa. Kama ni kinena ama kwapa mkanda haushiki, shindilia gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) ndani ya tundu kwa kidole mpaka lijae, kisha lalia na uzito wako dakika 3 kamili. Tundu la kifua lifunike na plasta isiyopitisha hewa, akianza kuhema vibaya zaidi ifungue kidogo hewa itoke. Tumbo huna la kufanya, huyo dawa yake ni chumba cha upasuaji, mbebe. Asiyepumua fungua njia ya hewa, bado kimya? Pita. Kumpampu kifua hapo hufanyi, na najua inauma.

Pia usijiandae kwa risasi peke yake. Mpondwe kule Kasese, Juni 2023, waliokufa kwenye shambulio la shule walizidi 40, wengine kwa mapanga, wengine walichomwa bwenini. Na Kampala Novemba 2021 mabomu yalilipuka mawili kwa dakika chache, kwa hiyo begi lililoachwa peke yake liachie wenye kazi yake.

Rangi za kupanga wagonjwa ziko kwenye baridi: nyekundu ni wa haraka sana, njano anaweza kungoja kidogo, kijani ni mwenye majeraha madogo, nyeusi ni aliyekufa ama hana matumaini. Usipakie wote kwenda hospitali moja eti iko karibu, mtaizamisha, na ujue boda na pikapu zitakuwa zimeshafikisha wengine kabla yenu, wale wa kijani hasa, piga simu kwanza uulize nani ana nafasi.

Simu za wagonjwa zitalia mfukoni njia nzima, mama, baba, mama tena. Usipokee. Andika namba ya mgonjwa (si ya simu) na hospitali uliyompeleka, mpe afande anayeshika orodha, kisha rudi ujaze gozi na mikanda kabla hujakunywa hata chai.